Swichi ya Shosho, Akaunti ya Doha

Hoja iliyo mezani ni fupi: balbu janja ya sebuleni imekataa kutii simu. Irisetiwe, ing'olewe, au nyumba nzima ijifunze kuishi kwa masharti yake? Nimeuweka mjadala huu Jericho, kando ya Jogoo Road, jirani ya Maringo na Jerusalem, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yanayoisumbua balbu ya namna hii yanapokutana: nyumba za kupanga zilizojengwa na Baraza la Jiji mwishoni mwa ukoloni, nyaya zilizozeekea ukutani, mita ya tokeni, waifai ya kununua kwa saa, na watoto walio Ghuba wanaotuma vitu nyumbani.

Wasemaji ni watano, na nimewatungia maneno bila kuwapa majina. Shosho ndiye anayelipa kodi ya nyumba kwa Kaunti. Mjukuu anasoma chuo na ndiye aliyeifunga balbu. Mzee ni jirani wa ukuta mmoja, karani mstaafu. Fundi wa stima ana kibanda karibu na soko la Jericho. Mjomba yuko Doha. Balbu aliinunua yeye na akaunti inayoiendesha ni yake. Mimi nitaingilia kati pale nitakapoona jambo linapita bila kuchunguzwa, na upande wangu sitauficha.

SHOSHO: Nianze mimi, kwa sababu giza liko kwangu. Nikienda kulala nazima taa kwa swichi iliyo mlangoni, kama nilivyozima miaka yote. Asubuhi mwanangu anapiga simu kutoka Doha: "Mama, taa yako haionekani." Haionekani na nani? Si hii hapa juu ya kichwa changu! Kisha naambiwa nisiguse swichi. Kodi nalipa mimi, tokeni nanunua mimi, swichi nisiguse.

MJUKUU: Hakuna anayekukataza kwa ubaya, Shosho. Ndani ya ile balbu kuna redio ndogo inayozungumza na waifai. Ukizima ukutani, redio inazimika pamoja na mwanga, na Mjomba akifungua programu anaambiwa balbu haiko hewani. Ukitaka giza, zima kwa simu. Mwanga unaondoka, balbu inabaki macho.

SHOSHO: Inabaki macho kwa tokeni za nani?

MJUKUU: Ni kidogo mno. Balbu hizi zikikaa bila mwanga hula nusu wati, na nyingine chini ya hapo. Ikikesha hivyo mwaka mzima haifiki uniti 5. Ile balbu ya kizamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, ilikuwa inakumalizia uniti zaidi ya 109 kwa mwaka. Hii ya wati 9 inamaliza kama 16.

MZEE: Hesabu ni sawa, binti, ila umempa sifa asiyestahili. Hizo wati 9 ni za LED. LED ya kawaida, isiyojua simu wala waifai, inakula wati 9 zilezile na haikeshi. Tokeni za shosho wako zimeokolewa na LED. Redio haijaokoa kitu.

Nasimama na Mzee hapa, kwa sababu wauzaji wengi huchanganya mambo haya mawili kwa makusudi. Anayenunua balbu janja ili apunguze gharama ya stima amenunua kitu kisicho chake. Kinacholipiwa ni uwezo wa kuiamuru taa bila kuifikia, na swali la kuuliza ni kama nyumba inauhitaji uwezo huo, na nani ndani ya nyumba ataushika.

MJUKUU: Sawa, hilo nakubali. Lakini sasa hata nikiacha swichi imewaka, simu haiifikii. Nimeiriseti jana na leo. Washa, zima, washa, zima, washa, zima, kisha unaiacha iwake. Ikianza kupepesa haraka haraka, iko tayari kuungwa upya. Inapepesa vizuri, lakini kuungana na waifai hakuna.

FUNDI: Dada, umeanzia mwisho. Riseti inaifuta balbu kila ilichokuwa inakijua: jina la waifai, nywila, saa za kuwaka, chumba ilichomo. Baada ya hapo huna kosa moja la kutafuta, una kazi nzima ya kuanza. Mimi nikiitwa kwa balbu hizi, cha kwanza nauliza kama inawaka kwa swichi. Ikiwaka, balbu nzima. Tatizo ni mawasiliano. Isipowaka, naihamishia kwenye holda nyingine ninayojua inafanya kazi. Ikiwaka huko, basi ni holda au waya. Kuriseti kunakuja baada ya hayo yote.

MZEE: Na ikiwaka kwa swichi lakini simu haiioni?

FUNDI: Nangoja.

MZEE: Unangoja nini?

FUNDI: Ruta, Mzee. Tokeni zikiisha, au stima ikipotea mtaa mzima, vyote vinazima pamoja. Stima ikirudi, balbu inawaka papo hapo, lakini ruta inachukua dakika kadhaa kuamka na kushika mtandao. Katika dakika hizo balbu inaitafuta waifai haiipati, na simu inaandika kwamba haiko hewani. Mtu anaona maandishi hayo, anakimbilia swichi, washa zima washa zima, na balbu iliyokuwa inakaribia kujiunga yenyewe anaifuta kumbukumbu. Angekaa akanywa chai angeikuta imerudi.

MJUKUU: Lakini usiku wa juzi mimi sikuigusa! Nilikuwa nimelala. Nikaamka nikaikuta inapepesa yenyewe, kama imerisetiwa na mtu.

FUNDI: Hakuna mtu. Hiyo ni stima au ni holda. Nyumba hizi nyingi zina holda za pini. Ndani kuna vijiti viwili vyenye springi vinavyogusa kitako cha balbu, na springi zikizeeka zinalegea, mguso unaungua, stima inaingia na kutoka. Lori likipita, mlango ukibamizwa, taa inakatika na kurudi. Balbu ya kawaida itatingisha mwanga kidogo tu. Balbu janja inahesabu. Imefundishwa kwamba ikizimwa na kuwashwa mara kadhaa kwa haraka, maana yake mwenyewe anataka isahau kila kitu.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Balbu haina kitufe. Haina pa kushikwa isipokuwa kitako, na ikishafungwa juu ya dari hufikiwa kwa njia moja tu, stima yenyewe. Kwa hiyo wabunifu waliamua kuigeuza swichi ya ukutani kuwa kitufe: mara tatu kwa aina fulani, mara tano kwa nyingine kama LIFX. Uamuzi wenyewe una akili. Ila umesimama juu ya dhana moja isiyosemwa, kwamba stima ikikatika na kurudi mara kadhaa mfululizo ni mkono wa mtu uliotaka hivyo. Huko ilikobuniwa dhana hiyo ni kweli karibu siku zote. Hapa Eastlands jioni, wakati kila nyumba imewasha koili na pasi, na vyumba vya kuongezea vimening'inia kwenye mita moja, si kweli. Stima inaondoka, inarudi, inaondoka tena, inatulia. Balbu inayasikia hayo kama amri, na inatii.

Wabunifu wenyewe waliwahi kuhangaika na pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 2019 video ya maelekezo ya balbu za C by GE ilizunguka dunia nzima, watu wakiipitisha kwa kicheko: washa balbu sekunde 8, zima sekunde 2, rudia hivyo mpaka mara tano, kisha ungoje ipepese mara tatu. Isipopepesa, basi programu iliyomo ndani ni ya toleo la zamani, na kuna mpangilio mwingine wa sekunde. Watu walicheka, lakini mimi nauelewa urefu ule. Mpangilio ukiwa mgumu, stima mbovu haiwezi kuufuata kwa bahati mbaya. Ukiwa mwepesi, shosho anaweza kuufanya bila kusaidiwa, na stima mbovu inaweza pia. Philips Hue, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ilikwepa mtego huu kabisa: ile huwezi kuiriseti kwa kuchezesha swichi hata ukeshe. Inarisetiwa kupitia programu yake, au kwa rimoti yake ikishikiliwa karibu na balbu. Haijiriseti stima ikiruka. Lakini ukiipata kutoka kwa mtu aliyehama, bila kisanduku chake cha kuiunganisha wala akaunti yake, una kazi.

MZEE: Mimi nasema hapo hapo ndipo kesi inapokwisha. Kifaa kinachodhani stima ni ya uhakika hakifai nyumba hizi. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Juni 2016 tumbili mmoja alipanda mtambo pale Gitaru, akaangukia transfoma, Kenya nzima ikazima. Hayo ni makubwa, yanaandikwa. Yetu ya hapa Jericho, ya jioni hadi jioni, nani anayaandika?

FUNDI: Mzee, giza refu halinisumbui. Stima ikienda saa tano na ikarudi mara moja, balbu inakumbuka kila kitu. Kinachoiua kumbukumbu ni kule kurukaruka. Na kwa hilo kuna la kufanya. Nabadilisha holda, nakaza nyaya kwenye swichi. Halafu ndani ya programu kuna sehemu ya kuchagua balbu ifanye nini stima ikirudi: iwake, ibaki imezima, au ikumbuke ilivyokuwa. Wengi hawaifungui kamwe. Ndiyo sababu stima ikirudi saa tisa usiku sebule inamulika kama uwanja wa mpira na watoto wanaamka.

SHOSHO: Hilo lilinipata. Nilidhani wezi wamewasha.

MJUKUU: Tuseme holda ni mbaya na ndiyo iliyoiriseti. Mbona sasa haiungani? Waifai ninayo, simu inaingia mtandaoni vizuri.

FUNDI: Waifai gani?

MJUKUU: Ile ya mtaa. Ya kulipa kwa M-Pesa, unapewa nambari, unaiingiza kwenye ukurasa ukifunguka, unapata masaa yako.

FUNDI: Basi umejijibu. Simu ina kioo na ina wewe. Ukurasa ukifunguka unaandika nambari. Balbu itaandika na nini? Inaingia kwenye mtandao, inakutana na ule mlango wa malipo, inasimama hapo. Haiwezi kupita hata uiriseti mpaka swichi ing'oke.

MJUKUU: Mwanzo iliungana!

FUNDI: Mwanzo ulitumia nini?

MJUKUU: Hotspoti ya simu yangu.

FUNDI: Na simu yako ikienda chuo?

Hili la waifai lina matawi kadhaa, na nitayapitia upesi kwa sababu kila fundi mwenye uzoefu anayajua. Karibu balbu zote za waifai zinasikia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Ruta nyingi za sasa hutoa 2.4 na 5 kwa jina moja, simu ikishika 5, na wakati wa kuunga, simu na balbu hazisikilizani. Dawa ni kuzima 5 kwa muda au kuyatenganisha majina. Ulinzi wa ruta ukiwekwa WPA3 pekee, balbu nyingi zitagoma, WPA2 zinaielewa. Nywila ikibadilishwa, balbu haiambiwi na mtu, na hapo kweli itabidi iungwe upya. Programu nayo inaomba ruhusa ya bluetooth na ya mahali simu ilipo, na aliyekataa ruhusa hizo, kwa sababu nzuri kabisa, ataona simu ikitafuta balbu bila kuipata. Hotspoti inafanya kazi, lakini balbu inakuwa imefungwa kwenye mfuko wa mtu mmoja. Akitoka, nyumba imebaki na balbu ya bei kubwa inayofanya kazi ya balbu ya bei ndogo.

MZEE: Nimewasikiliza. Kila dawa mliyoitaja inahitaji kitu kingine: ruta ya kudumu, holda mpya, simu ya nyumba. Na hii ni nyumba ya Kaunti. Miaka mingapi tunasikia mitaa hii itabomolewa ijengwe ghorofa? Nani ataweka pesa kwenye nyaya za ukuta asioumiliki?

FUNDI: Ndiyo maana balbu na si swichi, Mzee. Mteja anaponiambia afadhali aweke swichi janja ukutani, ili kila mtu aendelee kubonyeza kama kawaida, namwambia wazo ni zuri, nyumba haitaki. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ndani ya kisanduku cha swichi. Nyumba hizi zilifungwa kwa mtindo wa Waingereza: stima inapita juu kwenye dari, inashuka kwa swichi waya wa moto peke yake na kurudi. Nyutro imebaki juu. Tena zile nyaya za zamani, nyekundu na nyeusi, kijana asiyejua anaona nyeusi kwenye swichi anasema hii ni nyutro. Ile nyeusi inarudisha moto kwenye taa. Ukiishika swichi ikiwa imewashwa, utajuta. Kwa mpangaji, balbu ina faida moja ambayo hakuna anayeweza kumnyang'anya: akihama anaizungusha, anaitia mfukoni, anaenda nayo.

MJUKUU: Si basi unganisha nyaya za swichi pale nyuma, stima ipite moja kwa moja? Shosho abonyeze asibonyeze, balbu iko macho.

FUNDI: Hapana. Hiyo naombwa na watu wengi na siifanyi. Siku balbu inabadilishwa, mtu atazima swichi akiamini amezima, apande juu, aweke vidole kwenye holda yenye volti 240. Nina leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na ningependa kuendelea kuwa nayo. Zaidi ya hilo, ningependa mama huyu aendelee kuwa hai.

Fundi amesema kitu ambacho ningekipigia mstari kwa wino mwekundu. Swichi ya ukutani si kifaa cha mtindo wa zamani kinachongoja kuondolewa. Ni sehemu ya usalama wa nyumba na ni haki ya kila aliyemo, mtoto, mgeni, mgonjwa, mtu asiye na simu, mtu ambaye simu yake imeisha chaji. Balbu inayomtaka mwenye nyumba aache kuitumia swichi yake imedai kitu kikubwa kuliko kinachoonekana.

MJOMBA: Naomba nisikilizwe, maana mnaongea kana kwamba nilituma balbu kumsumbua mama. Mimi niko mbali. Saa za Doha na za Nairobi ni moja, kwa hiyo nikiamka alfajiri najua na kwenu ni alfajiri. Nikifungua simu nikaona taa ya sebuleni imewaka saa kumi na moja, najua mama ameamka salama. Nikiona haijawaka mpaka saa mbili, moyo unanidunda. Na usiku nikisikia mbwa kwenye simu tunapoongea, namwashia taa asiinuke.

SHOSHO: Mwanangu, ukitaka kujua kama nimeamka, nipigie.

MJOMBA: Nakupigia, mama.

SHOSHO: Unapigia kuuliza taa.

MZEE: Kuna jambo hapa hamlitaji. Ile programu inaandika saa taa ilipowaka na ilipozimwa. Anayeishika akaunti anajua mama huyu analala saa ngapi, anaamka mara ngapi usiku, ametoka lini. Tuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na tuna ofisi ya Kamishna wake. Lakini sheria ile haiingii katika mambo ya mtu na familia yake nyumbani. Hapa hakuna wa kuwaamulia. Mtakubaliana wenyewe au mtakosana wenyewe.

Maneno ya Mjomba ni ya upendo na sithubutu kuyadharau. Katika mitaa hii kuna nyumba nyingi ambazo taa, dawa na karo zake hutoka Ghuba. Hata hivyo namuunga mkono mama yake. Taa inayowaka na kuzimika kwa mkono ulio Doha, juu ya kichwa cha mtu aliye Jericho, bila huyo kuwa na njia ya kuirudisha mikononi mwake, imemgeuza mgeni sebuleni kwake. Na hapa kule kuriseti tulikokusema vibaya tangu mwanzo kunapata heshima yake. Riseti ndiyo njia pekee aliyonayo anayekaa chini ya taa ya kusema: anza upya, nisikilize mimi.

MJUKUU: Ila haitoshi, na hilo nimeligundua leo. Nilijaribu kuiunga kwa akaunti yangu, ikaniambia balbu hii tayari ina mwenyewe.

FUNDI: Ndiyo. Baadhi ya programu zinamfunga mwenyewe kwenye seva ya kampuni. Unaifuta balbu kumbukumbu yake, lakini seva haijasahau. Mpaka yule wa kwanza aitoe kwenye akaunti yake.

MJOMBA: Hilo wameliweka kuzuia wizi.

FUNDI: Ni kweli, na kwa simu lina maana. Kwa balbu ya mama, limemfungia nje mama.

Usalama wa balbu hizi una upande mwingine ambao nisingependa upotee. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli na Chuo Kikuu cha Dalhousie cha Kanada, akiwemo Adi Shamir, walionyesha kwamba amri ya kuriseti, iliyokusudiwa kutii kifaa kilicho karibu sana na balbu, ingeweza kutumwa kwa balbu za Hue kutoka mamia ya mita. Walirusha droni mbele ya jengo, na balbu zilizokuwa ndani zikaanza kupepesa kuomba msaada kwa alama za Morse. Kampuni ilirekebisha kosa hilo mwaka huohuo. Januari 2019 mtafiti mwingine aliipasua balbu ya LIFX na kukuta nywila ya waifai imeandikwa waziwazi kwenye kumbukumbu yake. Kampuni nayo ikarekebisha. Nayataja kwa sababu moja ya mtaani kabisa. Balbu zetu zikifa haziendi mbali. Zinakusanywa, zinafika jalala la Dandora, na kuna wanaozifungua kutafuta shaba na sakiti. Anayeitupa balbu janja, au kuigawa, aiondoe kwanza kwenye programu, kisha airiseti. Riseti ya namna hiyo haina haraka wala kubahatisha, na ingepaswa kufundishwa kabla ya nyingine zote.

MZEE: Na siku kampuni yenyewe ikifunga? Tukishaweka taa zetu kwenye seva zao?

MJUKUU: Kampuni kubwa hazifungi ovyo.

MZEE: Binti, soma. Osram ni jina la taa tangu babu zetu. Seva za Lightify, taa janja zao, zilizimwa Agosti 2021. Wamarekani waliokuwa na vifaa janja vya Insteon, Aprili 2022 waliamka wakakuta seva kimya, hakuna aliyewaambia kitu. Wateja wenyewe ndio walionunua mabaki wakayafufua.

MJUKUU: Ndiyo maana kuna kiwango cha pamoja cha Matter sasa, tangu Oktoba 2022. Balbu yenye alama hiyo inaweza kutawaliwa ndani ya nyumba na programu ya kampuni nyingine, hata mtandao wa nje ukiwa umekatika. Balbu inayofuata tutaiangalia hiyo alama.

MZEE: Inayofuata. Na hii?

SHOSHO: Hii nitasema mimi. Sebuleni nataka balbu ya kawaida na swichi yangu. Sijasema hii itupwe. Kuna taa ya nje, pale mlangoni, ambayo hakuna anayekumbuka kuiwasha jioni wala kuizima asubuhi, inakula tokeni mpaka saa nne mchana. Ile swichi yake sijui niliigusa lini.

FUNDI: Mama, hapo umewashinda wote. Balbu janja inafaa mahali ambapo swichi haina kazi. Jua la Nairobi linatua karibu saa moja kasoro kila siku, mwaka mzima halitofautiani hata saa nzima, kwa hiyo ukiipanga iwake saa moja kasoro robo na izime saa kumi na mbili na nusu, imetosha. Ratiba hiyo balbu nyingi huihifadhi zenyewe. Sharti langu moja: isiwe ndani ya ile globu ya kioo iliyofungwa. Joto likikosa pa kutokea, kapasita zinakauka na balbu inakufa mapema. Nitaweka holda mpya chini ya paa, wazi, mvua isipofika.

MJOMBA: Na mimi?

SHOSHO: Wewe utaitoa kwenye akaunti yako leo. Huyu mtoto ataiandikisha kwa nambari yangu ya simu, kisha atakualika uingie kama mgeni. Ukisikia mbwa, washa ya nje. Ya ndani nitawasha mwenyewe.

MJUKUU: Waifai je? Ile ya mtaa haiwezi.

MJOMBA: Pesa ambayo ningenunulia balbu nyingine tatu, nitalipia ruta.

MZEE: Mimi bado sijashawishika. Stima ikirukaruka hata nje itapepesa.

FUNDI: Itapepesa, Mzee, na wakinifuata nitakuja. Lakini nitaandika kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati la mita: kwanza ngoja ruta, kisha tazama holda, riseti mwisho, na mara ngapi. Wa kwanza kuikuta imegoma asome, awe nani, asihitaji kumwamsha mtu Doha.

MJOMBA: Nimeshaitoa. Angalieni.

MJUKUU: Inasema haina mwenyewe.

FUNDI: Leteni ngazi, basi. Na mama, nizimie stima yote pale kwenye mita kabla sijapanda, si swichi peke yake. Holda hii siiamini.